Kukata nyuzi kwenye mashine ya kukereza: kisu kiingie wima au kwa mshazari, na upime kwa nini

Shafti ya boti ikiletwa karakana kutoka Kibirizi, hapa Kigoma, nyuzi zimelika na nati ya propela haikazi tena, fundi ana mambo mawili ya kuamua kabla hajawasha mashine. La kwanza ni namna kisu kitakavyoingia kwenye chuma: wima kwa slaidi ya kukatiza (inayosogeza kisu moja kwa moja kuelekea shafti), kwa mshazari kwa slaidi ya juu (inayokaa juu yake na kuweza kugeuzwa pembe), au kwa kuyumbishwa kushoto na kulia. La pili ni namna atakavyojua kwamba amefika: kwa kujaribu nati, kwa mikromita ya nyuzi, kwa waya tatu, au kwa geji ya pete.

Mafundi hubishana sana juu ya jambo la kwanza, halafu la pili huachiwa nati. Sisi tunaona kazi nyingi zinaharibikia kwenye la pili. Kisu kilichoingia wima kinaweza kutoa uzi mzuri kikitulizwa, lakini uzi uliopimwa kwa kubahatisha hauna dawa: chuma kikishaondolewa hakirudi.

Mfano tutakaoutumia hapa ni M24, nyuzi za milimita za kipenyo cha 24, yenye pichi ya milimita 3, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata. Chuma ni laini cha kawaida na kisu ni cha HSS, chuma kigumu cha kukatia.

Namba za kushika kwanza

Kwa daraja la kawaida la nyuzi za nje (6g), kipenyo cha nje cha M24×3 kinatakiwa kiwe kati ya mm 23.577 na 23.952. Kipenyo cha kati kinatakiwa kiwe kati ya mm 21.803 na 22.003. Kipenyo cha kati ni cha duara la kufikirika linalokata mabavu ya uzi, yaani pande zake mbili za mteremko, pale ambapo unene wa uzi na upana wa bonde vinalingana. Hicho ndicho kinachoamua kama nati itashika au itacheza. Ruhusa yote ni mm 0.20, sawa na karatasi mbili za daftari zikiwekwa pamoja.

Venia ukiiweka juu ya migongo ya nyuzi inakupa kipenyo cha nje tu. Shafti inaweza kusoma 23.85 safi kabisa na bado nati isiingie hata mzunguko mmoja.

Sasa kina. Kereza shafti hadi 23.85 na ulenge kipenyo cha kati cha 21.90, katikati ya ruhusa. Kisu ambacho ncha yake imechongoka kabisa kitalazimika kuingia mm 2.27 kutoka pale kilipogusa. Kisu ambacho ncha yake imeviringwa kwa nusu kipenyo cha mm 0.43 kitaingia 1.84 tu. Hesabu yake ni rahisi: toa nusu kipenyo cha ncha kutoka kwenye 2.27. Ndiyo maana anayesoma kina kitabuni na kukifuata kwenye pete ya alama ya slaidi bila kujua ncha ya kisu chake ikoje anakosa kipimo, na anakosa kwa kiasi kikubwa kuliko ruhusa yote aliyo nayo. Ncha ikivunjika kidogo katikati ya kazi na akainoa tena, kina kinabadilika tena.

Ncha iliyochongoka sana ina ubaya mwingine: inaacha ufa mwembamba chini ya bonde, na shafti ya propela inayopigwa na mawimbi huvunjikia hapo hapo. Viringisha ncha kwa jiwe la mkono, hata kama ni kidogo.

Kuingia wima

Hapa slaidi ya juu unaifunga isisogee, na kila pasi, yaani kila kisu kinapopita, unaongeza kina kwa slaidi ya kukatiza peke yake. Faida yake ni urahisi. Unasoma pete moja tu, kina unachokiona ndicho ulichokata, na pembe ya uzi inatoka moja kwa moja kwenye pembe ya kisu.

Tatizo linakuja kisu kikishazama. Mabavu yote mawili yanakata kwa wakati mmoja, na maranda ya chuma kutoka kushoto na kulia yanakutana juu ya kisu yakikosa pa kwenda. Kadiri unavyozama, ukingo unaokata unakuwa mrefu zaidi. Kwa pichi ya 3, mwishoni unakata karibu mm 4 za ukingo kwa mpigo. Mashine nyepesi inaanza kutetemeka na kulia, na uso wa uzi unatoka na mistari ya mawimbi. Chuma laini ndicho kibaya zaidi: hakikatiki, kinachanika, na mabavu yanabaki na magamba kama samaki aliyeparwa vibaya.

Kwa hiyo kuingia wima tunakushauri kwa pichi ya 1.5 kushuka chini, kwa shaba nyeusi na shaba ya njano ambazo maranda yake hukatika vipande vifupi, na kwa pasi mbili za mwisho za kazi yoyote. Ukilazimika kuutumia kwenye pichi ya 3, anza na pasi za mm 0.20, shuka hadi 0.10 ukifika nusu ya kina, na umalizie kwa 0.05. Mizunguko isizidi 60 kwa dakika.

Kuingia kwa mshazari

Slaidi ya juu inageuzwa digrii 29.5 kutoka kwenye mstari wa slaidi ya kukatiza. Kina chote kinaongezwa kwa slaidi ya juu, na slaidi ya kukatiza inabaki na kazi ya kutoa kisu mwisho wa pasi na kukirudisha kwenye sifuri ileile. Kisu kinateremka kando ya ubavu mmoja, kwa hiyo ukingo mmoja ndio unaokata. Maranda yanatoka upande mmoja, yakijikunja bila kugombana. Nusu ya digrii iliyopunguzwa kutoka 30 ina kazi yake: inaufanya ubavu wa pili nao ukwanguliwe kidogo sana kila pasi, ubaki laini badala ya kuwa na ngazi.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kusoma pembe kutoka sifuri isiyo yake. Kwenye mashine nyingi pete ya digrii ya slaidi ya juu inasoma sifuri pale slaidi hiyo inapolala sambamba na kitanda. Kwenye mashine kama hiyo namba unayoitafuta ni 60.5, si 29.5. Ukiweka 29.5 kwa kufuata pete hiyo, ubavu mmoja unatoka na ngazi zinazoonekana kwa macho na uzi unakuwa mpana upande mmoja. Usiiamini pete, simama nyuma ya slaidi uangalie kama inaelekea karibu na mstari wa kisu kuingia kwenye kazi. Kwa uzi wa kulia, kisu kinatakiwa kisogee kuelekea kwenye taya zinazoshika kazi kila unapoongeza kina.

Jambo la pili ni kwamba alama za slaidi ya juu sasa zinasoma safari ya mshazari, si kina. Kupata kina cha 1.84 slaidi inasafiri mm 2.11. Mgawanyo wa pasi unaofanya kazi vizuri kwa M24×3 ni huu: pasi ya kwanza 0.05 ya kukwaruza tu, simamisha mashine, weka geji ya nyuzi juu ya mkwaruzo uhakikishe pichi ni 3 kweli. Ukishahakikisha, pasi tatu za 0.25, tatu za 0.20, mbili za 0.15, tatu za 0.10. Hapo umefika 2.00. Usiendelee, toa kisu, futa maranda, pima. Kilichobaki kinakatwa kwa 0.05 na 0.03, na kipimo kinarudiwa kila mara.

Kasi: mizunguko 100 hadi 130 kwa dakika inatosha kwa kipenyo hiki. Lakini fikiria mfereji wa kutokea, ule mchongo mwishoni mwa nyuzi ambapo kisu kinasimama. Kwa mizunguko 130 na pichi ya 3, kigari kinachobeba kisu kinakwenda mm 6.5 kila sekunde. Mfereji wa mm 6 unakupa chini ya sekunde moja kufungua nati nusu, ile inayoshikanisha kigari na skrubu ndefu inayokiendesha, na kuvuta kisu. Kwa mizunguko 60 unapata sekunde mbili. Asiyezoea achukue 60 bila aibu. Muda anaoupoteza ni mdogo kuliko kisu kilichojigonga kwenye bega la shafti.

Mshazari unakataa kufanya kazi pale slaidi ya juu inapocheza. Ishike kwa mkono uisukume kushoto na kulia. Ukisikia inagonga, kaza kwanza ile bamba ya pembeni mpaka iwe nzito kidogo kuzungusha. Slaidi iliyolegea inavutwa na chuma, kisu kinajizamisha chenyewe, na pasi ya 0.10 inageuka kuwa 0.30 bila wewe kutaka.

Kuyumbisha kushoto na kulia

Hii ni ya kati. Slaidi ya juu inalazwa sambamba na kitanda, kina kinaongezwa kwa slaidi ya kukatiza, na kila pasi unasogeza slaidi ya juu kidogo kuelekea taya. Kwa kila mm 0.10 ya kina unasogeza mm 0.05. Matokeo yanakaribia sana yale ya mshazari, na kina unakisoma moja kwa moja bila hesabu. Ubaya ni kwamba unashughulika na pete mbili kila pasi, na ukisahau kusogeza mara moja mpangilio unapotea.

Kwa nyuzi za skrubu kubwa njia hii inazishinda zote. Tutairudia tukifika kwenye skrubu za kukamulia mawese.

Na dai ya mkono?

Hadi M12, dai, kile chombo cha mviringo chenye meno ya kukatia nyuzi, inatosha na ni ya haraka. Ishikilie mraba kwa kuisukuma na kichwa cha nyuma cha mashine, huku taya zikizungushwa kwa mkono. Kwa M24 kwenye chuma kizima, dai ya mkono inahitaji nguvu nyingi mno, inaanza kwa kupinda, na uzi unaozaliwa umepinda unakwenda hivyo hadi mwisho. Ukiwa nayo, itumie kusafisha uzi uliokwisha kukatwa kwa kisu hadi karibu na kipimo. Kazi hiyo inaifanya vizuri sana.

Shafti iliyolika: kuokota uzi wa zamani

Kazi nyingi za ziwani si shafti mpya. Chuma kimejazwa kwa kuchomelea, kimekerezwa, na sehemu ya uzi wa zamani bado ipo. Kisu kinatakiwa kiangukie kwenye bonde lilelile. Hapa mshazari na kuyumbisha vinaishinda njia ya wima waziwazi, kwa sababu unahitaji kusogeza kisu kando bila kugusa gia.

Funga nati nusu, zungusha mashine mbele kidogo kwa mkono ili uondoe mchezo wote kwenye gia na skrubu ndefu, halafu simamisha. Usizungushe nyuma hata robo. Sasa kwa kutumia slaidi zote mbili kwa zamu, lete ncha ya kisu ndani ya bonde mpaka iguse mabavu yote mawili. Karatasi nyeupe chini ya kisu inasaidia kuona mwanga pande zote mbili. Weka pete ya slaidi ya kukatiza kwenye sifuri hapo. Pitisha pasi moja bila kugusa chuma, ukiangalia ncha ikipita katikati ya kila bonde, ndipo uanze kukata. Anayeokota uzi bila kuondoa mchezo kwanza anakata uzi wa pili kando ya ule wa kwanza.

Umeme nao. Ukikatika kisu kikiwa ndani ya uzi, vuta kisu kwa slaidi ya kukatiza, zima swichi ya mashine, ndipo ufungue nati nusu. Kuzima swichi si jambo dogo: mashine nyingi za zamani zinajiwasha zenyewe umeme ukirudi. Kazi usiitoe kwenye taya. Gia hazijabadilika, kwa hiyo mpangilio wa uzi bado upo. Umeme ukirudi unafunga nati nusu kwa kufuata saa ya nyuzi, ile inayoonyesha wakati wa kufunga ili kisu kirudi kwenye bonde lilelile, kama kawaida. Skrubu ndefu ikiwa ya pichi 6, nyuzi za pichi 3, 2, 1.5 na 1 unaweza kufungia popote. Kwa 1.25, 1.75, 2.5 na 3.5 lazima ufuate saa.

Upime kwa nini

Tuanze na nati, maana ndiyo inayotumika zaidi. Nati mpya ya M24 ya daraja la kawaida inaruhusiwa kuwa na kipenyo cha kati cha mm 22.051 hadi 22.316. Chukua nati iliyo upande wa juu wa ruhusa, 22.30. Itaingia kwenye shafti ya 22.25, na fundi atasema kazi imekamilika. Shafti hiyo imezidi kipimo kwa karibu robo ya milimita. Mvuvi akiipoteza nati hiyo ziwani akanunua nyingine Mwanga yenye 22.10, haiingii. Upande mwingine, nati yenye rangi au vinyweleo vya chuma ndani inakataa shafti nzuri, na fundi anaendelea kukata mpaka uzi unakuwa mwembamba.

Nati pia haikuambii umebakiza kiasi gani. Inasema ndiyo au hapana. Lakini ina ubora mmoja ambao vipimo vingine havina: inapima urefu wote kwa pamoja, kwa hiyo inakamata pichi iliyokosewa na uzi uliopinda. Iache iwe ya mwisho kuulizwa.

Mikromita ya nyuzi ina ncha mbili, moja ya kabari na nyingine yenye mfereji wa V, na inasoma kipenyo cha kati moja kwa moja. Unapima shafti ikiwa bado kwenye taya kwa mkono mmoja, ndani ya sekunde kumi. Angalizo ni kwamba kila jozi ya ncha ina eneo lake la pichi, na ncha za nyuzi za digrii 60 hazifai kwa nyuzi za inchi za digrii 55. Kila ukibadili ncha, weka sifuri upya kwa kipande chake cha kupangia. Karakana inayokata nyuzi kila wiki itapata faida yake. Inayokata mara mbili kwa mwezi inaweza kuishi bila mikromita hiyo.

Waya tatu ndiyo njia tunayoipendekeza kwa karakana nyingi za hapa. Unahitaji mikromita ya kawaida na vipande vitatu vya waya ulionyooka vyenye unene sawa. Viwili vinalala kwenye mabonde mawili yanayofuatana upande mmoja, kimoja upande wa pili, na mikromita inavibana vyote. Kanuni ya digrii 60: soma mikromita, toa mara tatu ya unene wa waya, ongeza pichi mara 0.866. Jibu ni kipenyo cha kati.

Waya bora kwa pichi ya 3 ni wa mm 1.732, kwa sababu unagusa ubavu hasa kwenye mstari wa kipenyo cha kati. Ukikosa, hivi ndivyo mikromita inavyotakiwa kusoma kwa M24×3:

| Unene wa waya (mm) | Chini kabisa | Juu kabisa |
|---|---|---|
| 1.60 | 24.005 | 24.205 |
| 1.732 | 24.401 | 24.601 |
| 1.80 | 24.605 | 24.805 |
| 2.00 | 25.205 | 25.405 |

Fimbo za kuchomelea za TIG zinapatikana za 1.6; zinatosha, ila zinachomoza kidogo sana juu ya migongo, kwa hiyo vinyweleo vyote viondolewe kwa msasa kwanza. Mikia ya keekee tatu mpya za 1.8 ni mizuri zaidi. Spoki za baiskeli zilizonyooka nyingi huwa karibu na mm 2.0 na ziko kila kona ya Ujiji, lakini zinakupeleka juu ya mm 25, na mikromita ya 0 hadi 25 haifiki huko. Utahitaji ya 25 hadi 50.

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye waya. Pima kila kipande kwa mikromita ileile, sehemu tatu. Kosa la 0.01 kwenye unene wa waya linakuwa 0.03 kwenye jibu. Waya ukiwa 1.77 na wewe ukaandika 1.80, umepoteza 0.09, karibu nusu ya ruhusa yote.

Lalamiko la kawaida ni kwamba kazi hii inataka mikono mitatu. Paka mabonde grisi nzito na waya zitashika zenyewe. Njia nyingine ni kuvichomeka vipande kwenye kipande cha sponji au mpira wa ndala, viwili kushoto na kimoja kulia, unavivalisha kwenye shafti kama koleo.

Ukipata namba iliyozidi, igeuze kuwa safari ya slaidi. Tuseme kwa waya wa 1.80 umesoma 24.90 na unalenga 24.70. Umezidi 0.20. Kwa kuingia wima, ongeza nusu yake, 0.10. Kwa mshazari, gawanya kwa 1.74, yaani karibu 0.115. Chukua theluthi mbili kwanza, pitisha, kisha pitisha pasi moja ya bure bila kuongeza chochote, maana shafti na kisu vilijikunja kidogo na bado kuna chuma cha kuondoka. Pima tena ndipo umalize.

Ila waya tatu hazioni pembe. Kisu kikifungwa kimeinama upande, kipenyo cha kati kitasoma sawa na nati itakataa. Dawa yake ni kukipanga kisu kwa geji ya mkia wa samaki iliyobanwa dhidi ya shafti kabla ya pasi ya kwanza, ncha ikiwa kwenye kimo cha senta kabisa.

Geji ya pete, jozi ya "pita" na "isipite", ni ya haraka na haina ubishi: ya kwanza inaingia yote kwa vidole, ya pili isizidi mizunguko miwili. Lakini ni jozi moja kwa kila saizi, na huenda ukaiagiza Dar. Anunue anayetengeneza bolti mia za aina moja.

Inchi bado zipo

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mitambo iliyopita hapa tangu wakati huo ina nyuzi za kila namna. Mabomba ya maji bado ni ya inchi: bomba la inchi 1 lina nyuzi 11 kwa inchi, pembe ya digrii 55, ile aliyoipendekeza mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Kwa hizo slaidi ya juu inakaa digrii 27, kisu kinanolewa 55, na kanuni ya waya inabadilika: toa unene wa waya mara 3.166, ongeza pichi mara 0.9605.

Bolti ya Whitworth ya inchi 1 ina pichi ya 3.175. Geji ya 3 ukiilaza juu ya nyuzi mbili inakaa vizuri na kukudanganya. Ilaze juu ya nane, kosa linakuwa zaidi ya milimita moja na unaliona.

Kukata milimita kwa mashine yenye skrubu ndefu ya inchi kunahitaji gia ya meno 127. Ikikosekana, jozi ya 80 kwa 63 inakaribia sana: kosa lake kwenye uzi wa mm 30 ni 0.004 tu, nati haitalijua. Katika hali hiyo nati nusu usiifungue mpaka kazi iishe. Toa kisu, rudisha mashine nyuma kwa mota. Na kama taya zimefungwa kwa kuzungushwa kwenye pua ya mashine, rudisha kwa kasi ya chini kabisa, la sivyo zinaweza kujifungua.

Mafuta

Kuna wanaotumia mawese, na hawajakosea kwenye kukata. Mafuta ya mimea hushika kwenye chuma chini ya mgandamizo kuliko oili ya injini, na uzi unatoka laini. Kosa ni kuyaacha. Asubuhi ya baridi yameganda kwenye njia za kitanda, na yakikaa muda mrefu yanakuwa ulimbo unaoshika vumbi la chuma. Tumia kwa brashi, kidogo, kisha futa mashine siku hiyohiyo na upake oili yake. Oili ya kukatia ni bora ikipatikana.

Skrubu ya mashine ya kukamulia mawese

Hapa uamuzi ni kati ya uzi wa mraba na uzi wa trapezo, wenye mabavu ya mteremko. Wa mraba una msuguano mdogo, lakini kisu chake ni chembamba, mabavu hayana mteremko wowote, na kikikwama kinavunjika. Shina la uzi nalo ni jembamba. Tunachagua trapezo bila kusita: Tr36×6 (kipenyo cha nje mm 36, pichi 6) ina kipenyo cha kati cha 33, kina cha 3.5, na kisu cha digrii 30 chenye ncha bapa ya mm 1.93.

Kuzamisha kisu hicho wima kunatetemesha mashine yoyote ndogo. Fungua bonde kwanza kwa kisu chembamba cha mm 1.5 hadi kina cha 3.4, halafu ingiza kisu chenyewe na kuyumbisha kushoto na kulia mpaka mabavu yasafishike. Ubavu wa kisu unaoelekea taya unolewe kwa nafasi ya digrii 6 au 7, kwa sababu uzi wenyewe umeinama digrii 3.3 na kisu chenye nafasi ndogo kitasugua badala ya kukata.

Nati yake iwe ya shaba nyeusi au chuma cha kalibu. Chuma laini juu ya chuma laini, chini ya mzigo wa kukamua, vinashikana na kung'oana nyuzi ndani ya msimu mmoja. Tena ni rahisi kutengeneza nati upya kuliko skrubu nzima, kwa hiyo nati ndiyo iachwe ilike.